Kilo Nane za Mchele kwa Mguu wa Fundi

Daktari Godlisten alikuwa na haraka, na haraka yake ilikuwa na sababu. Alikuja Tanga mara moja kila miezi mitatu, akakaa siku nne tu, na katika siku hizo nne watu wa mkoa mzima wenye miguu mibovu walipangwa mbele yake kwenye benchi ambalo halijawahi kuwatosha. Jumanne hiyo, saa tano asubuhi, ilikuwa zamu ya Uweso, fundi cherehani wa Makorora. Daktari akakigeuza kioo cha kompyuta ili mgonjwa na mkewe waone wenyewe, maana alikuwa na imani kwamba mtu akishaona kwa macho yake hana tena ubishi.

"Huu ndio mguu wako wa kulia," alisema. "Hapa pajani mshipa unaonekana vizuri. Chini ya goti unaendelea, ingawa umebanwa. Ukifika kwenye kifundo, basi, umekwisha. Damu haifiki unyayoni, na kidonda kisichopata damu hakiponi. Ijumaa tutaukata, chini ya goti."

Hayo maneno ya mwisho, chini ya goti, aliyasema kama muuzaji anayempunguzia mteja bei. Uweso aliutazama mguu wake. Cherehani yake ni ya kukanyaga, na mguu uliokuwa ukizungumziwa ndio uliokuwa ukiikanyaga miaka yote, kanzu kwa kanzu, sare kwa sare. Miezi miwili nyuma ulichomwa na ncha ya sindano iliyovunjika na kudondoka chini ya meza ya kazi. Sukari ilikuwa imeshaua hisia za miguu yake, kwa hiyo alitembea na chuma hicho siku tatu bila habari, mpaka mkewe alipoona damu kwenye mkeka. Ncha ilitolewa, kidonda kikabaki, na sasa kilikuwa kinanuka.

Mkewe, Mwatumu, alikuwa bado anaitazama picha. Yeye ndiye mmaliziaji wa kazi za mumewe: vifungo, pindo, na kuinua nguo kwenye mwanga wa dirisha kutafuta pa kulaumiwa. Macho yake yalizoea kutafuta kasoro, na kasoro aliiona. Mguu ulishuka kwenye kioo vizuri tu, ukafika kwenye kifundo, kisha ukamezwa na weupe kama wa shuka lililotoka kufuliwa na kutiwa buluu.

"Daktari, samahani," alisema. "Mbona hata vidole havionekani? Mishipa sawa, labda hana. Vidole mume wangu anavyo, vyote vitano."

Daktari akatabasamu tabasamu la kumvumilia mtoto, akasema picha hizi zina utaalamu wake, mama asijichoshe. Mlangoni alikuwa amesimama Imakulata, mtaalamu wa eksirei, na mafaili kifuani. Ndiye aliyeipiga picha ile. Safari iliyopita ya daktari aliwahi kufungua mdomo, akaambiwa mbele ya wauguzi kwamba kazi ya eksirei ni kupiga na kazi ya daktari ni kusoma. Tangu siku hiyo alikuwa akipiga na kunyamaza. Lakini swali la vidole lilimgusa pabaya.

"Picha imeungua, daktari," alisema. "Kifundo ni chembamba na katikati ya miguu ni hewa tupu. Mionzi imepita yote ikafuta kila kitu. Hapo hatujui kama damu ipo au haipo."

Daktari akamuuliza kama angependa kulivaa koti lake. Imakulata akaangalia sakafu, lakini hakuondoka, wala Mwatumu hakuinuka kitini. Mwishowe daktari akafunua faili la vipimo vya figo, akasoma, akapumua kwa pua. Dawa ile inayoingizwa ili mishipa ionekane, alisema, ni mzigo kwa figo, na figo za fundi hazina nguvu ya kubeba mizigo mingi. Angeruhusu picha nyingine mara moja tu, Alhamisi saa mbili asubuhi.

"Ikitoka vilevile, Ijumaa nakata," alisema. "Na sitaki maneno."

&nbsp;

Nje, kwenye ukumbi, Imakulata aliwaeleza kwa sauti ya chini kama mtu anayeuza bidhaa ya magendo. Zamani kulikuwa na mifuko ya mchele ya kupangwa katikati ya miguu na kuzungushiwa vifundo. Mchele huizuia mionzi karibu sawa na nyama, kwa hiyo mashine huona kitu kinene sawasawa kuanzia pajani hadi vidoleni, na haipachomi mahali pembamba. Mifuko ile ililiwa na panya stoo. Aliandika barua tatu kuomba mingine. Barua ya kwanza ilijibiwa kwamba chakula hakimo kwenye orodha ya vifaa tiba, na mbili hazikujibiwa.

Mwatumu hakuelewa vizuri habari ya mionzi. Uweso, ambaye tangu asubuhi alikuwa hajasema neno, ndiye aliyeelewa.

"Ni pasi," alisema. "Ukipiga suti na leso kwa moto mmoja, suti inanyooka, leso inaungua. Leso lazima uitandikie kitambaa."

"Hivyohivyo, baba," alisema Imakulata. "Leteni kilo nane za mchele mkavu. Shoneni mifuko ya kitambaa cha marekani, miwili mirefu ya kukaa katikati ya miguu, minne midogo ya kuzunguka vifundo. Isiwe na kifungo wala zipu wala pini. Kitu chochote cha chuma kitatokea kwenye picha, na nafasi tunayo moja."

Uweso, aliyekuwa amelazwa, akaomba ruhusa ya kwenda nyumbani hadi Alhamisi, akapewa kwa kusuasua. Wodini, alipokuwa akikusanya vitu vyake, jirani yake wa kitanda alimwita. Alikuwa ni Luka, Mbondei wa Muheza, mchuuzi wa machungwa, mtu wa utani hata na waliomchoma sindano. Mguu wake wa kulia ulikatwa chini ya goti safari iliyopita ya daktari, na sasa alikuwa amerudishwa kwa sababu mshono ulifumuka. Alimpa Uweso suruali ya kijivu iliyokunjwa ndani ya mfuko wa nailoni.

"Fundi, nikatie huu mguu wa kulia unifikie gotini," alisema. "Unaning'inia tu, unafagia barabara bure. Halmashauri watataka kuniajiri."

Uweso alicheka kwa mara ya kwanza siku hiyo, akaichukua suruali.

&nbsp;

Jumatano mchana nyumba ya Makorora ilijaa harufu ya marekani mpya. Mchele ulikuwa umeletwa na Khadija, dada mkubwa wa Uweso, kutoka Moa. Aliubeba mapajani kwenye bodaboda, kisha kwenye basi, akidhani ni wa kulisha wageni watakaokuja kumwona mgonjwa. Alipoambiwa unakwenda kuwekwa miguuni, alikaa chini.

"Wifi, mchele ni chakula," alimwambia Mwatumu. "Tangu lini chakula kikawekwa kwenye nyayo za mtu? Na kidonda kile?"

Mwatumu akamjibu kwamba mchele utakuwa ndani ya mfuko, na mfuko ndani ya nailoni, na kama ni dhambi yeye ataibeba. Khadija akaona haitoshi, akajitanda, akaenda kumuuliza imamu wa msikiti wa jirani. Alirudi baada ya nusu saa akiwa ameridhika kidogo: imamu amesema ni dawa, na dawa haina neno, ila usimwagwe. Kuanzia hapo akawa ndiye mlinzi wa mchele. Kila punje iliyodondoka sakafuni aliiokota, akaitia kwenye mfuko wake mwenyewe.

Mwatumu alitaka kushona yeye. Uweso alikataa katakata. Alisema mguu ni wake na mshono utakuwa wake, akavuta kiti, akaweka mguu wa kushoto kwenye kanyagio. Mkewe hakubishana. Asubuhi ile alikuwa ameteleza ulimi akasema kuna kijana wa Ngamiani anatafuta cherehani ya kukodi, na tangu hapo mumewe alikuwa hamtazami usoni. Mwatumu akaenda jikoni na Khadija akamfuata.

Mguu wa kushoto haukuwa na adabu. Ulikanyaga mapema, ukachelewa, gurudumu likarudi nyuma, uzi ukajikusanya. Kazi ya robo saa ilikula saa mbili na nusu. Hata hivyo mifuko mitano ilikamilika, imenyooka, na Uweso alianza kujisikia fundi tena. Alikuwa akifunga mdomo wa mfuko wa sita, mchele umeshajaa ndani, pindo likiwa limekunjwa mara tatu, mguu ulipoteleza. Sindano ilipiga pembeni, ikavunjika.

Kila fundi ana sheria zake, na ya Uweso ilikuwa moja: sindano ikivunjika, kazi inasimama mpaka vipande vyote viwili vipatikane. Alikuwa akiwafukuza wanafunzi kwa kosa hilo. Na yeye mwenyewe alikuwa karibu kupoteza mguu kwa ncha moja ambayo hakuitafuta siku aliyokuwa na mteja wa haraka. Kipande cha juu kilikuwa bado kimebanwa kwenye cherehani. Cha chini hakikuwepo. Akashusha sumaku yake ya kamba sakafuni, akaipitisha chini ya meza, chini ya kiti, kwenye nyufa za sementi. Ikaokota pini moja yenye kutu.

Akauangalia mfuko. Mdomo wake ulikuwa wazi robo. Alijua la kufanya: aumwage kwenye ungo, amwite Mwatumu mwenye macho, wachambue. Lakini Mwatumu akiitwa ataona uzi uliojikusanya, ataona sindano, ataona mguu wa kushoto unavyotetemeka, na habari ya kijana wa Ngamiani itarudi mezani. Hofu ikamwambia ncha imeingia kwenye ufa. Akaiamini, kwa kuwa ilikuwa rahisi kuaminika. Akatia sindano mpya, akaufunga mdomo.

"Tayari?" aliuliza Mwatumu kutoka jikoni.

"Tayari," alisema Uweso.

&nbsp;

Alhamisi saa mbili, chumba cha mashine kilikuwa baridi kama cha kuhifadhia samaki. Uweso alilazwa chali na mrija mwembamba umeshapitishwa kwenye kinena. Imakulata alipanga mifuko polepole, miwili mirefu katikati ya miguu, midogo ikikumbatia vifundo, akibonyeza kwa vidole mchele uingie kila pengo. Mwatumu na Khadija walikuwa nje ya mlango, mmoja akivuta tasbihi, mwingine akihesabu hatua za wauguzi. Daktari Godlisten alisimama na bomba la dawa mkononi, akisubiri kuonyeshwa kwamba yeye ndiye aliyekuwa sahihi.

Imakulata akapiga picha ya kwanza, ya kupima tu, kabla ya dawa. Weupe ulikuwa umeondoka. Mguu ulishuka wote kwa rangi moja ya kijivu, paja, goti, ugoko, kifundo, na mwisho kabisa vidole vitano vimejipanga. Imakulata alitaka kushukuru, ila hakupata nafasi. Kando ya kifundo, mahali palepale mshipa ulipotakiwa kupita, kulikuwa na mstari mweusi mfupi, mkali.

"Chuma," alisema daktari. Akaliweka bomba kwenye sinia. "Ile sindano haikutoka yote. Kipande kimo ndani tangu miezi miwili. Usaha wote ule sasa unaeleweka. Hapa hakuna haja ya kuzichosha figo za mtu. Mteremsheni."

Muuguzi akasogea kufungua mikanda. Imakulata alisema kipande hicho hakikuwepo kwenye picha ya Jumanne, na daktari akamuuliza, kwa ukali, ya Jumanne si yeye aliyesema imeungua?

Uweso alisikia yote. Alikuwa akitazama dari, na jasho lilimtoka katika baridi ile. Alijua ni nini kile cheusi, na alijua tangu jana mchana. Kulisema ilikuwa ni kukiri mbele ya watu kwamba yeye, fundi Uweso, haaminiki tena na sindano. Kunyamaza ilikuwa ni mguu. Hata hivyo, aibu ilimshika ulimi mpaka mkanda wa pili ulipofunguliwa, na hilo alikuja kulijutia kuliko yote.

"Haimo mguuni," alisema. "Daktari, haimo mguuni. Imo kwenye mchele. Niliivunja jana nikashona juu yake, nikanyamaza."

Imakulata hakungoja ruhusa. Aliushika mfuko mdogo wa nje, akausogeza upana wa vidole vitatu, akapiga tena. Mstari mweusi ulikuwa umesogea pamoja na mfuko. Kifundo kilibaki safi.

Sasa shida ikawa nyingine. Mfuko ukiondolewa, mahali hapo patabaki hewa tupu na picha itaungua palepale. Ukibaki na chuma, kivuli kinaweza kuangukia mshipa. Daktari akatazama saa, akasema mgonjwa aliyewekwa mrija hangojeshwi. Imakulata akafungua mlango, akampa Mwatumu sinia la chuma na ule mfuko, na akamwambia kuna sindano ndani.

Mwatumu hakuuliza imefikaje. Alifumua mshono kwa meno, akaumwaga mchele kwenye sinia juu ya toroli, na akaanza kuuchambua kama achambuavyo kila siku kabla ya kubandika sufuria, akisukuma punje kwa vidole vitatu, kutoka kulia kwenda kushoto, safu kwa safu. Khadija aliziba mdomo kwa ukanda wa mtandio ili asipeperushe kitu kwa pumzi yake. Muuguzi alichungulia mara mbili. Mikono ya Mwatumu ilitaka kukimbia, akaikataza, kwa sababu mchele uliochambuliwa haraka huwa haujachambuliwa. Kwenye safu ya saba kidole chake kiliguswa na kitu cha baridi.

Alikifunga kile kipande kwenye ncha ya kanga yake, fundo mara mbili. Mchele ukarudishwa mfukoni, mdomo ukabandikwa plasta.

Dawa ilipoingia, Uweso alihisi moto ukiteremka pajani. Kuanzia gotini kwenda chini hakuhisi kitu, kwa hiyo hakujua umeishia wapi. Alimtazama Imakulata, na Imakulata alikuwa akitazama kioo. Mshipa mkubwa ulijaa. Ukafika pale ulipobanwa, ukasita, ukapenya. Kisha nyuma ya kifundo, ndani ya kijivu kile kilichotulia, ukatokea mstari mwembamba kama uzi wa pindo, ukazunguka, ukaingia unyayoni na kugawanyika kuelekea vidole.

Daktari aliinama mpaka pua yake ikakaribia kioo. Akaomba arudishiwe ile picha kiooni. Akaomba tena.

"Upo," alisema.

Hakuomba radhi, na hakuna aliyetegemea. Alisema angejaribu kupafungua pale palipobanwa, kwa mrija huohuo, saa hiyohiyo. Hakuahidi kitu. Vidole viwili vilivyokwisha kuwa vyeusi huenda vikaondoka.

"Kanyagio halihitaji vidole," alisema Uweso. "Linahitaji unyayo."

&nbsp;

Jumamosi asubuhi Mwatumu alimkuta mumewe wodini ameegemea mto. Alimfunua shuka, akauweka mgongo wa mkono wake juu ya unyayo kama anayepima joto la maji ya mtoto. Ulikuwa na uvuguvugu. Akauacha mkono hapo kwa muda mrefu, akalia kidogo bila kujificha. Kisha akafungua fundo la kanga, akamwonyesha kile kipande.

"Ungeniambia," alisema.

"Ungeikodisha cherehani."

"Ningeikodisha, ndiyo. Na wewe ungekuwa na mguu, mambo yakitengemaa ningeirudisha. Ulitaka kubaki na cherehani bila mguu, Baba Shadya?"

Uweso alisema hapana, alisema alikuwa mjinga, na kwamba aliogopa kubaki mtu wa kulishwa. Mwatumu akamwambia hofu hiyo hata yeye anayo, lakini yeye hakuishonea ndani ya mfuko. Wakacheka wote wawili, kicheko chembamba cha watu waliochoka.

Imakulata alipita kumwona mgonjwa kabla ya kuanza zamu. Aliwaamkia shikamoo, akawaambia mifuko yote sita ameifungia kabatini kwake, mbali na panya, na kwamba jana peke yake imetumika kwa watu wanne. Daktari mwenyewe ndiye aliyeuliza iko wapi. Mwatumu akasema Khadija ametuma salamu na ameomba mchele huo usije ukapikwa kwa bahati mbaya.

Luka alikuwa akisikiliza kutoka kitanda cha jirani. Siku mbili zile alikuwa ameishika habari ya mchele kama kichekesho, akimwambia kila muuguzi kwamba Waislamu wa Makorora wana dawa ya wali. Sasa hakuwa anacheka.

"Binti," alimwita Imakulata. "Mimi mara ile nilipigwa picha na mchele?"

Imakulata angeweza kusema hakumbuki. Wagonjwa ni wengi, na hakuna ambaye angemlaumu.

"Hapana, baba. Panya walikuwa wameshaila mifuko."

"Na vidole vyangu vilionekana?"

"Havikuonekana."

Luka akaitikia kwa kichwa, taratibu, kama mtu aliyeambiwa bei ya kitu alichokwisha kukinunua. Hakuuliza ni nani aliyesoma, wala ni nani aliyenyamaza. Imakulata alibaki amesimama miguuni pa kitanda chake, upande ule ambao shuka lilikuwa limelala bapa, na hakujua aondoke vipi.

"Fundi," alisema Luka, bila kugeuka. "Ile suruali yangu umeshaikata?"

"Bado," alisema Uweso. "Sijaigusa."

"Usiikate. Iache na miguu yake miwili."